Wewe Ni wa Nani?

Kwenye cheti changu cha kuzaliwa kuna jina la mamangu, jina la hospitali, tarehe na muhuri uliofifia. Pale palipotengewa jina la baba pana herufi X, zimepanga foleni mpaka nafasi ikajaa, kama karani alikuwa anafuta kosa. Niliziona vizuri kwa mara ya kwanza nikiwa darasa la nane, mwalimu alipotuagiza tulete vyeti ili tusajiliwe mtihani. Jamaa niliyekaa naye dawati moja akachungulia, akauliza kwa sauti, "Kwani buda yako anaitwa X?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikacheka pia. Mtoto wa Eastlands anajua mapema kwamba ukiwahi kujicheka mwenyewe, kicheko cha wenzako kinapungua makali.

Mtaani mambo yalikuwa tofauti. Mzee akikukuta umepanda ukuta wa jirani, haulizi jina lako. Anauliza, "Wewe ni wa nani?" Na mimi jibu nilikuwa nalo. Nilisema mimi ni wa Mama Chapo, yaani kukhu, nyanya yangu mzaa mama, aliyekuwa akipika chapati za kuuza nje ya mlango kila jioni. Hilo lilitosha kuniokoa. Lilitosha pia kuhakikisha habari zangu zinafika nyumbani kabla yangu.

Nimekua na maswali hayo mawili, la fomu na la mtaa, na kwa miaka mingi niliamini kwamba la fomu ndilo la kweli. Niliamini kuna kitu kinaitwa jina la ukoo, kwamba kila mtu analo tangu enzi za mababu, linateremka kutoka kwa baba hadi kwa mwana kama maji kwenye bomba, na mimi ndipo bomba lilipopasukia. Kilichonitoa kwenye imani hiyo ni jina ambalo nimeliandika kwenye kila anwani tangu nijue kuandika. Mbotela.

Jina la mtaa

Mbotela iko kando ya Jogoo Road, kwenye msururu wa mitaa ya Makongeni na Maringo. Nyumba zetu ni za kanjo, zimejipanga safu safu, na nyingi kadi zake za kodi bado zina majina ya watu waliozikwa zamani. Yetu ina jina la babu. Tulizaliwa hapa bila kuuliza Mbotela ni nani. Tulidhani ni neno tu la mahali, kama vile Makongeni ni mahali pa makonge.

Mtaa ulipewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU, aliyeuawa hapa Nairobi mnamo Novemba 1952, wiki chache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba. Tom alikuwa ameipinga Mau Mau hadharani. Mwaka uliofuata aliuawa diwani Ambrose Ofafa, ambaye jina lake liko kwenye Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Kwa hiyo majina yetu ya mitaa yalibandikwa na utawala uliojua vizuri ni wafu gani wanaofaa hadithi yake. Uhuru ulipokuja, barabara nyingi za mjini zilibadilishwa majina. Haya ya kwetu yakabaki, na sisi tukazaliwa ndani yake.

Lakini jina lenyewe lilikuwa limetembea sana kabla ya kufika Jogoo Road. Tom alitoka katika ukoo wa James Juma Mbotela, mwalimu wa Frere Town kule Mombasa, aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichochapishwa 1934. Humo kuna habari za watu waliokamatwa bara, wakapakiwa majahazini, kisha wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza. Miongoni mwao alikuwa babake mwandishi, Myao kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Frere Town yenyewe ilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka wa 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kushinikizwa kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Hata mahali hapo palipewa jina la mtu, Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza kupeleka shinikizo hilo.

Sasa fikiria wewe ndiye umeshushwa pale pwani. Mtu ameshika daftari anakuuliza unaitwa nani. Utamjibu nini? Kuna jina uliloitwa nyumbani, ambalo huenda ulilisikia mara ya mwisho ukiwa na miaka saba. Kuna jina uliloitwa utumwani. Watumwa wengi wa Pwani waliitwa Baraka, Mabruki, Farjala, majina ya heri ambayo heri yake ilikuwa ya bwana. Halafu misheni nayo ina majina yake tayari, yanasubiri kisima cha ubatizo.

Mmoja wa watu wa Mombasa ya wakati huo alikuwa Myao aliyeitwa Chengwimbe. Aliokolewa utumwani, akapelekwa India, akasomeshwa na wamisionari kule Nashik, akatoka huko akiitwa Matthew Wellington. Alikuwa kwenye msafara uliobeba mwili wa Livingstone mpaka pwani, akaishi Mombasa hadi alipofariki 1935. Mtu kutoka bara letu, mwenye jina kama la jenerali aliyempiga Napoleon. Mwenzake kwenye msafara huo, Jacob Wainwright, naye Myao, alikwenda mpaka London mazishini. Wellington na Wainwright hayakuwa majina ya baba zao, lakini watoto wao wangeweza kuyarithi, na baada ya vizazi viwili nani angejua?

Ndiyo maana naliangalia jina la James Juma Mbotela kama mtu anayesoma ramani. James limetoka kanisani. Juma ni la Pwani. Mbotela limetoka bara na mtu wake, likapita jahazini, likapita misheni, na halikubadilishwa. Majina matatu, kama yaliyo kwenye kitambulisho chako. Na hilo la tatu, ambalo fomu ya leo ingeliita la ukoo, lilianza kuwa la ukoo pale mtoto wa mtu huyo alipoamua kulibeba.

Ukoo huohuo ndio uliotupa Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki Februari 2025 na ambaye kipindi chake cha redio kiliuliza kwa miongo mingi: *Je, Huu ni Ungwana?* Sisi tulilichukua swali hilo kuwa la adabu, kama mtu anayekula akiongea au anayesukuma wenzake kwenye foleni. Lakini kwenye Kiswahili cha zamani cha Pwani, mwungwana hakuwa kwanza mtu mwenye adabu. Alikuwa mtu asiye mtumwa, mwenye kwao, anayeweza kujibu ni wa nani. Mtu wa kizazi kilichotoka utumwani akakaa hewani miaka yote hiyo akituuliza sisi kama huu ni ungwana. Nilipolielewa hilo, nilizima simu nikakaa kimya kidogo.

Karani anataka majina mawili

Huenda unasema hayo ni ya watu wa Pwani waliopitia utumwa, sisi wa bara tunajua tulikotoka. Haya, tuje bara.

Mjaluo aliyezaliwa usiku ni Otieno, wa asubuhi ni Onyango, wa mvua ni Okoth. Kwa Wabukusu, watu wa kukhu, mtoto wa msimu wa mvua ni Wafula au Nafula, wa mavuno ni Wekesa au Nekesa, wa njaa ni Wanjala au Nanjala. Mkikuyu humpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa nyanya zao. Mkalenjin huzaliwa Kiprotich ng'ombe wakirudi zizini, kisha akishatahiriwa anakuwa arap fulani. Hata mimi, kukhu aliniambia, nililia usiku tatu mfululizo nikiwa mchanga, wakataja majina ya marehemu mmoja mmoja, nikanyamaza walipofika kwa kaka yake. Ndiye ninayeitwa.

Mifumo hii yote inajua sana kumweka mtu mahali pake. Inasema ulizaliwa lini, umemrudisha nani, nyumbani kulikuwa na shida gani mwaka ule. Lakini hakuna hata mmoja kati yake unaotoa jina moja la kurithiwa na familia nzima kizazi baada ya kizazi. Ndugu watatu wa baba mmoja wangeweza kuitwa Otieno, Onyango na Okoth, na hakuna aliyeona kasoro.

Aliyeona kasoro ni karani. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole na habari za mwajiri, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Karatasi ya namna hiyo haitaki kujua kama ulizaliwa wakati wa njaa. Inataka kukutofautisha na Wanjala mwingine akitoroka shamba la mzungu. Kwa hiyo jina la baba likavutwa likawa mkia. Wanawake hawakuvaa kikebe hicho, na kitambulisho chenyewe hawakupewa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa nusu karne na zaidi, serikali iliandika taifa la wana wa baba zao.

Shule ilimalizia kazi hiyo. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia katika kumbukumbu za utoto wake kwamba siku ya kwanza shuleni aliulizwa jina, akasema anaitwa Ngũgĩ wa Wanjikũ. Nyumbani kwao baba alikuwa na wake kadhaa, na watoto walijulikana kwa mama zao. Darasa likacheka. Akaulizwa baba yake ni nani, na kuanzia hapo akaandikwa kwa jina la Thiong'o. Baadaye tena akawa James Ngugi kwenye majalada ya vitabu, hadi alipoliacha James miaka ya sabini. Tunamkumbuka kwa kuliacha la mzungu. Lakini jina la kwanza kuondolewa lilikuwa la mamake, na aliliondoa mwalimu, darasani, katikati ya kicheko ambacho mimi nakijua.

Ng'ambo

Marekani nao wana hadithi hii, na wameizungumza kuliko sisi. Kwenye sensa za 1850 na 1860, watumwa waliorodheshwa kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la aliyewamiliki. Wao wenyewe hawakuandikwa majina. Ni sensa ya 1870, baada ya vita na ukombozi, ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina. Karani alifika mlangoni, na familia nyingi zilitakiwa kuwa na jibu. Wengine walitoa jina la bwana wa zamani kwa sababu ndugu zao waliouzwa mbali wangewatafuta kwa jina hilo. Wengine walichagua jipya kabisa.

Frederick Douglass alizaliwa Frederick Augustus Washington Bailey. Alipotoroka 1838 akajiita Johnson, akafika mji wa New Bedford akakuta Johnson wamejaa kila kona, na mwenyeji wake, ambaye pia alikuwa Johnson, akamchagulia jina kutoka kwenye shairi alilokuwa akilisoma. Booker T. Washington alikuwa mtoto aliyeketi darasani akisikia wenzake wakiitwa majina mawili mawili. Yeye alikuwa Booker tu. Zamu yake ilipofika, akasema "Booker Washington," akakaa chini. Jina la ukoo lilipatikana katika muda wa mwalimu kuinua kalamu.

Halafu kuna Malcolm. Alizaliwa Malcolm Little mwaka wa 1925, akaja kulikataa Little kwa sababu ni jina lililotoka kwa mmiliki wa watumwa. Mahali pake akaweka X, alama ya jina la Kiafrika lililoibwa na ambalo hatalijua kamwe. Oktoba 1964 alikuwa hapa Nairobi. Nilipokuwa kidato cha tatu nilimsoma, nikaenda kulitoa lile cheti kwenye mkoba wa mamangu. Kwa mara ya kwanza sikuziona X zangu kama uchafu. Kwa wiki moja hivi nilijiona mwanamapinduzi.

Na nyumba maarufu kuliko zote za Marekani ilikaliwa miaka minane na hadithi hizi mbili kwa pamoja. Michelle Obama alizaliwa Robinson, jina alilobeba babu wa babu yake, Jim Robinson, mtumwa wa shamba la mpunga South Carolina. Mumewe ana jina la Obama, ambalo tunalichukulia kuwa la ukoo wa kale. Lakini babu yake aliitwa Onyango, mwana wa Obama, akaongeza Hussein aliposilimu. Mwana wa Onyango alikwenda kusoma Hawaii 1959, na fomu za huko zinapenda jina la mwisho. Obama lilikuwa jina la mtu mmoja wa Nyanza, likaganda kwenye karatasi za Marekani. Mwaka wa 2008 likarudi Kisumu kwa kishindo, likawa la kwanza kwa watoto waliozaliwa wiki ile ya uchaguzi.

X zangu

Lakini X yangu si ya Malcolm. Yake ilisema jina limeibwa na halijulikani. Yangu nilidhani inasema hivyo hivyo, mpaka nilipomuuliza mamangu.

Nilimuuliza mwaka niliotoka chuo. Kulikuwa na ofisi fulani iliyotaka maelezo ya baba ili nipate mkopo, jina na nambari ya kitambulisho, au cheti cha kifo. Sikuwa na lolote kati ya hayo. Nilizungushwa kutoka dirisha moja hadi jingine muhula mzima. Sitadanganya kwamba X ndizo zilizonitoa chuo kikuu. Deni la karo ndilo lililonitoa, pamoja na mihadhara ya saa moja asubuhi ambayo mimi na blanketi hatukuafikiana nayo. Lakini X zilikuwa pale kwenye foleni, zikisukuma.

"Kwani hukumjua?" nikamuuliza mamangu. Swali baya. Lilishatoka.

Alikuwa anachambua sukuma. Hakuinua kichwa. "Nilimjua. Jina nililitaja. Karani akaniuliza kama nina cheti cha ndoa, nikasema sina. Akaniuliza kama mwenyewe amekuja, nikasema hajaja. Akaandika zile X. Mimi nilidhani ni alama ya kuonyesha wamemaliza."

Nilikwenda kuisoma sheria. Ni ile ya usajili wa vizazi na vifo, yenye mizizi ya 1928. Kifungu chake cha 12 kilisema mtu haandikwi kuwa baba wa mtoto ila wazazi wote wawili waombe pamoja, au pawe na ushahidi wa ndoa. Mama peke yake hakuaminika. Mei 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwa sababu kinawabagua watoto waliozaliwa nje ya ndoa na mama zao. Kesi ililetwa na mama aliyemlea mtoto peke yake. Mimi wakati huo nilikuwa sekondari. Hakuna aliyetuambia.

Kwa hiyo jina halikupotea baharini wala halikuibwa na bwana yeyote. Lilitamkwa dirishani, na mwanamke aliyejua, mbele ya karani aliyesikia. Likakataliwa kuandikwa. Sensa ya 1850 haikukosa majina kwa sababu watu wale hawakuwa nayo.

Mwaka huu dadangu mdogo amejifungua msichana. Baba yake ni jamaa wa mitaa ya jirani ambaye simu yake siku hizi iko mteja tu. Usiku mmoja dadangu akaniuliza, maana mimi ndiye msomi aliyeacha shule, "Bro, tuandike nini pale?"

Tulikaa nalo siku tatu. Mwanzoni alitaka paachwe wazi. "Nikimwandika, atakuwa baba wa karatasi." Mamangu ndiye aliyemaliza mjadala. Alisema huyo mtoto ana haki ya kujua, awe baba wa karatasi au wa nini, na kwamba yeye aliwahi kulitaja jina likakataliwa, sasa linakubaliwa, litajwe. Kuhusu jina la mwisho la mtoto mwenyewe, dadangu alikuwa ameshaamua. Alitaka la kukhu. Si Mama Chapo. Lile alilozaliwa nalo kijijini, ambalo hapa Mbotela hakuna aliyewahi kumwita kwa miaka hamsini, na ambalo tulilazimika kumuuliza mamangu kwa sababu sisi wawili hatukulijua sawasawa.

Nilimsindikiza. Karani alikuwa binti wa rika letu. Akasoma fomu, akaandika jina la baba bila neno. Alipofika kwenye jina la mtoto akasita.

"Hili la mwisho ni la nani? Si la baba."

"Ni la nyanya yangu," dadangu akasema.

"Sawa. Nitajie herufi."

Dadangu akamtajia herufi moja moja, polepole. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikisikiliza kwa makini, maana hata mimi sikuwa nimewahi kuliona limeandikwa.